Mtani Kakamata Mchezo Wetu

Kibiti, Alhamisi, mwisho mwisho wa Mei

Shajara yangu, leo jua limetoka baada ya siku nne za mvua, na wanafunzi wa bweni wameanika nguo hadi kwenye magoli ya uwanja. Koo limenikauka kwa kucheka. Nina furaha ambayo bado siiamini vizuri, ndiyo maana nimekaa kuiandika kabla haijapoa.

Lakini kuna jambo la kukiri kwanza. Wachache mnaoisoma shajara hii mtandaoni mmeona nimekaa kimya wiki mbili. Sikuwa na homa, wala sikuishiwa bando. Nilikuwa na aibu.

Ngoja nianzie nilikoharibu.

Mwanzoni mwa muhula nilirudi kutoka semina ya walimu nikiwa nimechemka. Mwezeshaji alituambia mtoto hasahau anachokicheza, nami nikaona hiyo ndiyo dawa ya Kidato cha Pili B, wanaosinzia mara tu mimi, mwalimu wao wa jiografia, nikitamka neno "endelevu". Nikawagawa makundi. Kila kundi lichague tatizo moja la dunia, lilitengenezee mchezo wa ubaoni kama ludo au drafti, wenye kete, kadi na sheria zake. Vifaa tuliokota. Maboksi ya sabuni yakawa ubao, vifuniko vya soda vikawa watu, na dadu walizichonga kwa visigino vya ndala kuukuu.

Jamani, kelele zile. Watoto ambao sijawahi kusikia sauti zao walikuwa wanagombania sheria kama mawakili. Kundi la maji lilikuwa na kisima kimoja katikati ya ubao na wasichana watatu wanaokipigania. Kundi la plastiki lilitengeneza mchezo usiokwisha. Nilipowauliza nani anashinda, wakanijibu, "Hakuna, mwalimu, plastiki ndivyo ilivyo." Nikawapa alama zote.

Mimi nami, kwa kiherehere changu, nikatengeneza wa mfano. Niliuita Delta Yetu. Wachezaji ni wanne, na kila mmoja anaanza na komwe kumi, zile mbegu za kuchezea bao. Hizo ndizo mali yake yote: mikoko, samaki na mpunga. Unarusha dadu, unazunguka ubao, ukiangukia penye alama unachukua kadi. Kadi ya heri inakuongezea komwe, kadi ya kosa inakunyang'anya. Zikikuishia umetoka, unakaa pembeni unawatazama wenzio. Anayebaki peke yake ndiye mshindi. Kadi za kosa niliandika thelathini kwa mkupuo mmoja, nikijiona fundi.

Moja ilisema hivi: "Baba yako amefyeka mikoko ili alime mpunga. Poteza komwe zote."

Ikamwangukia Siwema.

Siwema ni binti wa Mbuchi, kule delta. Hapa Kibiti anakaa kwa mama yake mdogo ili asome. Ni mpole, anakaa dawati la tatu karibu na dirisha, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Siku hiyo ya kuujaribu mchezo niliwaita wanne mbele, yeye akiwamo, darasa lote likazunguka meza. Aliisoma kadi kwa sauti, maana sheria inataka kadi isomwe kwa sauti. Alipofika kwenye mpunga, sauti ikakatika. Mmoja huko nyuma akasema, "Si ndiye baba yake kweli huyo?" Na ni kweli, na wengi walijua. Baba yake alishawahi kukamatwa na watu wa misitu kwa kosa hilohilo. Darasa zima likaangua kicheko.

Mimi nilicheka.

Sikucheka sana. Nilicheka kidogo, kile kicheko cha mwalimu anayeona somo limenoga. Lakini Siwema alikuwa ananitazama mimi, si wao. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha, na aliyeukamua siku ile ni mtu mzima mwenye shahada. Akaziweka komwe zake kumi katikati ya ubao, moja moja, akaenda kukaa pembeni. Sheria yangu ndiyo ilivyosema. Kesho yake hakuja shule.

Siku tatu nilijidanganya kwamba anaumwa. Siku ya nne nikamfuata mama yake mdogo, anayekaanga mihogo karibu na stendi. Hakuinua macho kwenye karai. "Karudi kwao," akasema. "Kaenda kuamia ndege."

Kwa asiyejua mambo ya huku: mpunga ukianza kujaza punje, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na lazima mtu akae shambani kutwa akiwafukuza. Kila mwaka msimu huu tunapoteza wanafunzi wa delta. Wanaaga wiki mbili. Wapo wanaorudi. Wengine, ndege wakiisha kunakuja kuvuna, kuvuna kukiisha inakuja posa, na jina linabaki kwenye daftari la mahudhurio limepigwa mstari mwekundu. Mistari hiyo nimeipiga mingi kwa mkono wangu huu. Wa Siwema sikutaka kuupiga. Safari hii aliyemfukuza si ndege wala shida ya nyumbani. Ni mimi.

Basi Jumamosi iliyopita nikaenda Mbuchi.

Pikipiki ilinifikisha mpaka barabara ilipogeuka uji, kisha mtumbwi, kisha miguu, viatu mkononi. Mkobani nilibeba ubao, komwe na kadi zote, nikidhani nitamwonyesha Siwema kwamba ile kadi yake nimeichana. Hilo likawa kosa langu la pili. Mchezo wenyewe ulikuwa mmoja tu, nakala sikuwa nayo.

Nilimkuta juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu cha kulindia shamba, mkononi kashika kamba iliyofungwa makopo. Aliponiona akaivuta kwa nguvu, makopo yakalia shamba zima. Sijui alikuwa anafukuza ndege au ananifukuza mimi.

Baba yake alitoka ndani ya mpunga, tope mpaka magotini. Ni mtu mfupi, mkakamavu, hatabasamu bure. Aliitikia salamu yangu, akanikaribisha mkekani, mkewe akaleta wali wa nazi na kamba. Tukaanza kula. Nikaomba radhi. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima, yakatoka yamevurugika, katikati nikajikuta naeleza habari za semina. Mama Siwema akanionea huruma, akaniongeza wali.

Mzee akataka kuuona huo mchezo. Siwema akaitwa ashuke amsomee kadi, maana yeye, alisema, maandishi madogo hayaoni tena. Nikakaa pale nikisikiliza kazi yangu ikisomwa na mtoto niliyemuaibisha, kadi ishirini na tisa. Umevua samaki wachanga. Umechoma mkaa. Umekata boriti. Umetupa taka mtoni. Mzee alikuwa anaitikia kila moja kwa kichwa, polepole. Zilipokwisha akauliza, "Mwalimu, mbona makosa yote ni yetu?"



Akanyoosha kidole upande wa baharini. Shamba la babu yake Siwema lilikuwa kule mbele, akasema, na miaka yote lilikuwa halimnyimi mtu. Kisha maji ya chumvi yakaanza kuingia, mwaka huu hatua chache, mwaka unaofuata chache tena, mpaka mpunga ukakataa kuota. Ndipo akaingia kwenye mikoko na shoka. "Nimekata, sikatai. Nikakamatwa, sikatai. Lakini aliyeipandisha hiyo bahari, kadi yake iko wapi?"

Shajara, mada ya kupanda kwa kina cha bahari nimeifundisha miaka sita. Huwa nachora ubaoni visiwa vya mbali ambavyo sitavikanyaga maishani. Kumbe mfano ulikuwa umekaa dawati la tatu, na sikuwahi kumuuliza kwao kukoje.

Nikasema, "Nimekosa, Baba Siwema."

Akauliza, "Kwani wewe kwenu wapi?"

Kipatimu, kule milimani, nikamwambia, ila nimekulia Ikwiriri.

"Kumbe Mmatumbi."

Na uso wake ukafunguka. Kwa sisi wa huku neno hilo linatosha. Wamatumbi na Wandengereko, kabila la mzee, ni watani, na mtani hanuniwi. Babu yangu alipofariki, mtani mmoja wa Kindengereko alivaa kofia ya marehemu, akazunguka uani akiiga alivyokuwa akikohoa, mpaka bibi akacheka katikati ya kilio chake. Huyohuyo ndiye aliyeshinda kaburini akichimba, mvua inamnyeshea. Mtani akikukosea hapelekwi kwa mwenyekiti wa kijiji. Anatozwa faini palepale, na faini ni chochote alichokuja nacho.

"Ungekuwa wa kwingine ningekuwa bado nimekasirika," mzee akasema, huku anaukunja ubao wangu taratibu. "Sasa nyinyi watu wa milimani mambo ya maji mtayajuaje? Huu mchezo nimeukamata. Ukiutaka, njoo uugomboe."

Nilidhani anatania. Alikuwa anatania, ndiyo, lakini ubao hakuurudisha. Komwe akazitia mfukoni, kadi akampa mkewe azifunge kwenye pindo la kanga. Nilipouliza habari za Siwema kurudi shule, utani ukakatika. Akasimama, akajikung'uta. "Huyo tutaona. Ndege hawajaisha."

Siwema alikuwa ameshapanda tena juu ya dungu. Nilimpungia mkono, naye akaangalia mpunga. Nikarudi Kibiti sina mchezo, sina mtoto.

Jumatatu mkuu wa shule akaniita. Alitaka Delta Yetu iende kwenye maonyesho ya mazingira ya wilaya, na alikuwa ameshaahidi. Nikamwambia imekamatwa. Akauliza na nani, polisi? Nikasema na mtani. Mkuu wetu ni mtu wa Kilimanjaro, hajamaliza mwaka hapa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniagiza niandike barua ya maelezo. Barua hiyo nimeianza mara tatu. Jaribu wewe kuandika habari za mtani kwa lugha ya ofisini uone itakavyokuwa.

Jumanne dawati la tatu lilikuwa tupu. Jumatano tupu. Nilishika kalamu nyekundu, nikairudisha kwenye droo.

Leo kipindi cha tatu tumo katikati ya mistari ya ramani, mara hodi mlangoni.

Siwema. Sare imekunjamana, miguu ina tope la safari, na mkononi kashika mfuko wa salfeti, ule wa nafaka. Hakuna aliyecheka. Sijui ni kwa haya au ni kwa vile nilivyosimama. Nikamkaribisha, akaja mpaka mezani, akautoa ubao. Una madoa ya tope na mchuzi, na kona moja imeliwa na mbuzi.

Kumbe Mbuchi nzima wameucheza. Tangu siku ile nilipoondoka, baba yake na wenzake, hao hao wafyeka mikoko, walikuwa wanakaa kuucheza kila baada ya Alasiri. Siwema ndiye anayewasomea kadi. Wakaanza kubishia sheria, naye akawa anaandika walichokubaliana, na wakishindwa kukubaliana anawaamulia. Kadi zangu nyingi wamezifuta, zimeandikwa upya nyuma. Nilizisoma nimesimama, darasa linanisubiri.

"Kiwanda cha nchi ya mbali kimetoa moshi, bahari imepanda. Wachezaji wote toeni komwe moja. Mwenye kiwanda hayumo mchezoni."

"Mnunuzi wa boriti amekuja na lori. Ukimuuzia chukua komwe tatu, ukizunguka tena toa sita."

"Umepanda miche ya mikoko, kaa wameikata. Panda tena."

Makosa yao hawakuyafuta yote. Ile ya samaki wachanga ipo. Ile ya mikoko niliyoichana wameiandika upya kwa maneno yao: "Shamba limeingia chumvi, umefyeka mikoko upate pa kulima. Toa komwe tano, na kila mchezaji akupe moja mpate shauri." Nilisoma hiyo mara mbili.

Lakini sheria kubwa waliyoiongeza ni hii: hakuna anayetoka. Anayekaa mkabala nawe ni mtani wako. Ukiishiwa, lazima yeye akupe komwe mbili katika zake, hata kama amebaki na tatu. Na akikupa ana haki ya kukucheka na kukusema atakavyo, nawe huna ruhusa ya kununa. Akibaki mtu mmoja hajainuliwa, wote mmeshindwa.

Kwenye semina tulifundishwa ushirikiano wa mataifa mchana kutwa, kwa projekta. Hatukufika hapo.

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, "Na ndege je?"

"Baba kasema ndege hata yeye anaweza kuwafukuza," Siwema akajibu. "Kadi ndiyo hawezi kuandika."

Halafu akatoa salamu zilizobaki, akiwa ameinamisha kichwa ili nisione anavyotaka kucheka. Faini yangu bado haijaisha. Ubao umerudishwa kwa sababu ya maonyesho tu. Siku ya kuvuna nifike mwenyewe na kisu changu, na viatu niviache Kibiti.

Mistari ya ramani ikaishia hapo. Watoto wakavuta meza katikati, wakataka kuujaribu mchezo uliotoka Mbuchi, na Siwema akasema, "Mwalimu, na wewe ucheze." Nikakaa. Yeye akazunguka akakaa mkabala nami. Wawili wengine wakaingia pembeni, waliobaki wakatusimamia mgongoni.

Mzunguko wa tatu nikaangukia penye alama. Nikachukua kadi. Mwandiko ule mzuri, umenyooka.

"Umemcheka mtu asiyekuwepo kujitetea. Toa komwe zote."

Niliisoma kwa sauti. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni baba gani aliyechekwa, wala kadi hiyo aliandikiwa nani. Nilitamani kusema kitu cha kiualimu, kitu cha kulifunga somo vizuri. Nikazihesabu komwe zangu, nikaziweka katikati mbele yao wote, na shajara, nakuambia kweli, ni mbegu tu zile, lakini mkono wangu ulikuwa mzito. Nikajua alichokijua Siwema siku ile, na yeye alikuwa na miaka kumi na mitano.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amebaki na komwe nne. Akatoa mbili, lakini hakunipa upesi. Alizishika kwanza kiganjani akinitazama, na mimi nikangoja, maana ana haki ya kusema lolote.

"Mmatumbi wewe," akasema, "hata kucheza hujui. Shika, usije ukanililia hapa."

Darasa likavunjika mbavu. Nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa mtandio, na sitadanganya, si yote yalikuwa ya kicheko. Siwema naye alicheka, kicheko kikubwa kuliko mwili wake, ambacho sikuwahi kujua kama anacho. Aliyeinuliwa hurusha tena, lakini kengele ikalia kabla sijarusha dadu.

Nimemwandika kwenye daftari kwamba amehudhuria. Sijioni nimeshinda. Kuvuna kunakuja, mwakani ndege watashuka tena, na chumvi inaingia mashambani nikiwa nimelala. Barua ya mkuu bado sijaimaliza. Lakini ubao tumeuacha mezani vilevile ulivyo, hakuna ruhusa ya kugusa, na kesho kipindi cha kwanza zamu ni yangu. Naanza na komwe mbili za kupewa.